Rikabu za Wade

Nilitoka kwenye ukumbi wa sinema mjini Lubbock kabla taa hazijawashwa. Nikampiga kikumbo mtu aliyebeba bisi, zikamwagika, na sikumwomba radhi. Ilikuwa Jumatano, saa kumi alasiri, na lami ya maegesho ilikuwa imelainika kwa jua. Niliingia kwenye pikapu, nikaushika usukani kwa mikono miwili, nikamtukana Desmond Pryor matusi yote ninayoyajua na mengine niliyoyatunga papo hapo.

Magazeti yalikuwa yamemsifu mwezi mzima. Walisema katika filamu hii ya wizi wa ng'ombe na mauaji, Pryor ameigiza vizuri kuliko mtu yeyote mwaka huu. Walisifu hasa jinsi anavyokaa juu ya farasi. Mmoja aliandika kwamba huhitaji kumsikia yule mzee muuaji akitamka neno hata moja ili ujue kwamba amefiwa na mtoto. Tazama miguu yake tu, aliandika, inavyoning'inia.

Miguu ile ni ya baba yangu.

Naitwa Lane Tackett. Baba yangu ni Royce Tackett, na tunafuga ng'ombe nje ya Piedra Seca, upande wa New Mexico. Tuko wawili. Zamani tulikuwa wanne. Mama alitangulia kwa maradhi, kisha kaka yangu Wade, miaka minne iliyopita, mwezi wa Oktoba, tulipokuwa tunakusanya ng'ombe. Farasi wake aliteleza kwenye ukingo wa korongo akamwangukia. Farasi akainuka, Wade hakuinuka. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na urefu wa kugonga kichwa kwenye kila mlango wa nyumba yetu. Mimi na Baba ni wafupi. Wade alifuata upande wa Mama.

Baada ya maziko, Baba alilipandisha tandiko lake mwenyewe juu ya boriti ya stoo, akaanza kulipanda la Wade. Sasa, kila anayepanda farasi anajua jambo la kwanza kufanya ukipata tandiko la mtu mwingine. Unarekebisha rikabu, zile pete mbili za kuwekea miguu, ziendane na urefu wako. Ni kazi ya dakika mbili. Unafungua bizimu, unaupandisha mkanda wa ngozi matundu mawili matatu, unafunga. Baba hakufungua bizimu. Alipanda hivyo hivyo, rikabu zikiwa zimeshuka matundu matatu chini ya mguu wake, ncha za buti zikigusa tu. Kutwa nzima alikuwa akiyumba juu ya farasi, na jioni akishuka alishika ukuta kwanza ndipo aweze kunyoosha mgongo.

Miaka minne. Watu waliziona rikabu zile ndefu wakasema ni nyonga, maana wazee wenye nyonga mbovu hurefusha rikabu ili wasikunje goti. Baba akawaacha waseme. Dudley Askew, mwenye duka la chakula cha mifugo, alimletea kopo la dawa ya kuchua. Baba akalipokea, akashukuru, akaliweka kwenye dirisha la jikoni, na hakulifungua. Hakumwambia mtu yeyote. Hata mimi hakuniambia. Nilijua kwa sababu siku moja mwanzoni kabisa nilidhani amesahau. Nikachukua koleo, nikainama nizifupishe. Akaja, akauweka mkono wake juu ya bizimu. Aliuacha mkono pale mpaka nikaondoka.

Basi mtu atauliza Pryor alijuaje.

Nilimwambia mimi.

Watu wa filamu walikuja Aprili ya mwaka jana. Walikodi farasi, wakakodi malori, wakaandika nusu ya mji kuwa watu wa kupita nyuma ya waigizaji. Pryor, ambaye angecheza mfugaji mzee anayewawinda na kuwaua wezi watatu wa ng'ombe, aliomba akae kwetu wiki tatu ajifunze. Sitamsingizia: hakuwa mvivu. Alilala kwenye trela la vibarua, akachimba mashimo ya nguzo mpaka viganja vikapasuka, akala burito za pilipili ya kijani huku machozi yakimtoka na akaomba ya pili. Baba alimpenda. Alimwita Hollywood. "We Hollywood," angemwambia, "huyo uliyemkalia ni farasi, si sofa." Pryor angecheka, angekaa sawa. Jioni nilimwona akitembea nyuma ya Baba hatua tano, akiinua mguu Baba anapoinua, na mimi, mjinga, nikaona ni jambo la kuchekesha.

Mimi natunga mashairi. Sikufundishwa na mtu. Kila Februari makauboi washairi wa pande zetu hukutana, mtu anasimama na kofia mkononi, anaghani mambo ya farasi, theluji na wake waliotoroka. Nilianza kwenda nikiwa na miaka kumi na mitano, nakaa safu ya nyuma na daftari, nahesabu mapigo kwa vidole. Nimesimama mbele yao mara mbili. Mara ya kwanza walinipigia makofi ya huruma. Ya pili hata hayo hawakupiga. Najua mimi ni bora kuliko nusu ya wale wazee, na nilijua hivyo hata siku ile niliporudi kukaa huku masikio yakiniwaka.

Pryor alinisikiliza. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu, tunatengeneza kinu cha upepo kinachovuta maji ya ng'ombe, akaniomba nimghanie kitu. Nikaghani. Akaomba kingine. Kisha akauliza ni shairi gani nililolificha, ambalo sijawahi kulisoma mbele ya mtu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikuwa nalo moja. Nikaiweka spana chini, nikavua kofia kana kwamba niko jukwaani:

Tandiko lina mwenyewe,
usilipande na wewe,
rikabu zisifupizwe
hadi siku akirudi.

Lilikuwa na beti tisa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu na yeye akavua kofia. Akauliza ni nani huyo, nami nikamweleza kila kitu, bizimu, mkono juu ya bizimu, kopo la dawa kwenye dirisha. Alisema hajawahi kusikia kitu kama kile. Nilijisikia mrefu kama Wade.

Na sasa, Lubbock, nimeona kila kitu kikiwa na ukubwa wa nyumba ya ghorofa.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado halijazama. Baba alikuwa jikoni anakoroga maharage. Jumamosi filamu ingeonyeshwa mjini kwetu, saa nane mchana, na Pryor mwenyewe angekuja. Kadi ya mwaliko ilikuwa imebanwa kwenye jokofu tangu wiki iliyopita. Nikamwambia Baba asiende.

"Kwa nini? Nimekufa humo ndani?"

Nikasema hapana.

"Farasi wangu amekufa?"

"Baba, amezichukua rikabu."

Nilimsimulia. Yule mzee wa kwenye filamu anapanda tandiko la mwanawe aliyekufa, hataki kufupisha rikabu. Baba aliendelea kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Nilimaliza, akazima jiko, akaniuliza swali moja: alijuaje.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nimerudi pale mara nyingi tangu siku ile. Tulikuwa peke yetu jikoni, alikuwa ameuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Labda alitazama tu," nikasema. "Amekaa hapa wiki tatu. Ana macho."

Baba alipakua, akaketi. Alisema mtu akikutazama akaona, huwezi kumlaumu. Na yeye alimtazama Pryor, anajua anakula kwa mkono wa kushoto na anaogopa majogoo. Kutazama ni haki ya mtu. Kisha akaikata nyama yake vipande vidogo vidogo, wala hakuila.

"Ila kama kuna aliyemwambia," akasema, "huyo sitakaa naye meza moja."

Mezani tulikuwa wawili.

"Utaenda?" nikamuuliza.

"Nimealikwa. Nisipoenda watasema nyonga inauma."

Siku tatu zile sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilipiga misumari ya uzio kwa nguvu mpaka nikavunja mpini wa nyundo. Hasira yangu yote niliielekeza kwa Pryor, maana nilihitaji mahali pa kuiweka. Nilijiambia ni mwizi, ameingia nyumbani kwetu, amekula chakula chetu, ameondoka na kitu cha marehemu. Nilitunga hata shairi la kumtukana, lenye vina vizuri sana.

Jumamosi nilimvizia nyuma ya ukumbi wa sinema, penye mapipa ya taka, aliposhushwa na gari lake. Alikuja mikono wazi.

"Lane. Rafiki yangu."

"Usiniite rafiki. Umemuiba baba yangu."

Tabasamu likamtoka usoni. Akasema alidhani ningefurahi. Alisema katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kumbeba mtu kwa heshima kama alivyombeba Baba, na alipanda na rikabu zile ndefu mpaka akapata vidonda mapajani kwa sababu hakutaka kudanganya. Nikamwambia vidonda vyake avipeleke kwa daktari. Nikamwambia hakuniomba ruhusa.

"Ulinighania mwenyewe, bwana," akasema. "Sikukukaba koo."

Nilikuwa nimeshakunja ngumi. Nilitaka kumpiga mahali ambapo kamera hupenda, pale juu ya shavu. Sikumpiga, na sababu haikuwa wema. Nilikuwa na shida naye.

"Baba yuko ndani," nikamwambia. "Anadhani uliona mwenyewe. Akikuuliza, sema uliona mwenyewe."

Alinitazama mpaka nikatazama mapipa.

"Unataka niigize."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Na mimi nionekane mtu wa kuchungulia majonzi ya watu."

"Bora wewe kuliko mimi."

Nilipolisema lile neno nililisikia jinsi lilivyo. Na yeye alilisikia. Akaitikia kwa kichwa, akatengeneza kola yake, akaingia.

Baba alikuwa amesimama karibu na mlango wa ukumbi, shati jeupe, kofia yake ya kanisani, watu wakimsalimu na kumuuliza hali ya nyonga. Alipomwona Pryor alimwendea moja kwa moja. Nilikuwa pembeni yao. Baba hakuzunguka, alimuuliza kama aliziona rikabu.

"Niliziona, Mzee," Pryor akasema. "Nisamehe."

"Siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

Kilichotokea usoni pa Baba sikukitegemea. Nilitegemea ukali. Uso wake ulilegea, kama mtu aliyebeba gunia peke yake njia ndefu, mtu akaja akashika upande wa pili.

"Watu wa hapa wamezitazama miaka minne wasione," Baba akasema. Akampa mkono. "Una macho makali, Hollywood."

Pryor alimpa mkono wake, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiigiza vibaya. Macho yake yalinikimbilia mimi.

Ukumbi ulijaa. Filamu ikaanza, na kama ilivyo kwa mji wetu, hakuna aliyekaa kimya. Watu waliita majina ya farasi wao wanapopita, wakabishana lori lile ni la nani. Mama Socorro Baca, mwenye mgahawa na ng'ombe, alionekana sekunde tatu akimimina kahawa, akapigiwa makofi kuliko mtu mwingine yeyote humo ndani. Mwizi wa kwanza aliuawa, watu wakashangilia. Ni mji wa wafugaji, mwizi wa ng'ombe hana wa kumlilia. Wa pili akauawa, nao wakanyamaza kidogo, maana alikuwa kijana na aliomba maji.

Kisha ikaja sehemu ile. Mzee muuaji anapanda farasi wake, mpwa wake anainama kwenye bizimu, anataka kufupisha rikabu. Mzee anauweka mkono juu ya mkono wa kijana.

"Ziache. Ni za mwanangu."

Kelele za ukumbini zilikatika. Walikuwa watu mia mbili, na wote wanapanda farasi. Wote walielewa kwa wakati mmoja. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama Baba. Niliona shingo zao zilivyokaza. Mbele yetu Dudley Askew aliitoa kofia yake gotini, akaivaa, akaivua tena.

Nilimtazama Baba kwa pembe ya jicho. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya mshono wa suruali, kwenda na kurudi. Pale kwenye skrini Pryor, yule mwizi wake, alikuwa akiondoka polepole jangwani, buti zikigusa rikabu kwa ncha tu, bega la kushoto limeshuka kama la Baba linavyoshuka.

"Anakaa vizuri," Baba akaninong'oneza.

Laiti angenitemea mate.

Filamu ikaisha. Muuaji alikufa, sherifu mwanamke akalivua tandiko farasini, na skrini ikawa nyeusi. Mahali pengine huo ndio wakati wa watu kusimama na kutafuta funguo za gari. Kwetu hakuna aliyenyanyuka, kwa sababu kaunti nzima ilikuwa imeandikwa humo. Majina yalianza kupanda, na kila jina la mtu wa kwetu lilipigiwa kelele. Waliosimama nyuma ya waigizaji. Waliokodisha malori. Mpishi wa mikate. Walikuwa wameandika hata majina ya farasi, na punda mmoja, ambaye alishangiliwa kwa vishindo vya miguu.

Kule Lubbock mimi nilikuwa nimetoka kabla ya majina.

Mwisho kabisa, baada ya punda, skrini ilibaki tupu kidogo, kisha yakaja maneno peke yake, katikati, makubwa kuliko mengine:

Shukrani za pekee kwa Lane Tackett, kwa shairi la rikabu.

Walinishangilia. Mtu alipiga mluzi. Mama Socorro alinipiga mgongoni kwa kiganja, akasema kumbe tuna mshairi na tumekaa kimya. Wazee wawili wa ule mkusanyiko wa Februari, waliokuwa wameniacha nirudi kwenye kiti bila kofi moja, walikuwa wamesimama wananipigia makofi. Nilikuwa nimekitamani kitu hicho tangu nina miaka kumi na mitano, jina langu, watu wangu, makofi. Nikakipata nikiwa nimekaa kando ya Baba.

Baba husoma polepole, midomo ikitembea. Nilimtazama akilisoma. Alifika kwenye neno rikabu, midomo ikasimama. Yale maandishi yalipotoweka alibaki akitazama mahali yalipokuwa. Kisha akasimama, akavaa kofia, akapita mbele ya magoti yangu kama anavyopita mbele ya magoti ya mgeni. Safu ya mbele, Pryor alikuwa amegeuka ananitafuta, uso umemshuka. Sijui kama alisahau kwamba aliyaweka maneno yale, au alidhani ananiheshimu. Sikumuuliza na sitamuuliza.

Nje, kwenye ngazi, Dudley Askew alimfikia Baba. Ni mtu mnene, mwenye maneno mengi, na siku ile maneno yalimkwama.

"Royce," akasema. "Na mimi nilikuletea dawa ya nyonga."

"Ni dawa nzuri, Dudley," Baba akasema. "Sijaumwa hata siku moja."

Aliendesha yeye. Kwetu, ukikutana na gari barabarani, unainua kidole kimoja juu ya usukani, umjue mtu usimjue. Baba hajawahi kukosa. Wale waliokuwa wakirudi mashambani mwao siku ile walituinulia mkono mzima, na mmoja alivua kofia kabisa huku anaendesha, kama anayepishana na jeneza. Baba alimwinulia kidole wa kwanza, akamwinulia wa pili. Aliyevua kofia hakuinuliwa kitu. Baada ya hapo aliishusha mikono chini kabisa ya usukani, na magari yaliyofuata yakapita hivi hivi.

Nilijaribu kuongea. Nilisema Baba, nilikuwa mjinga. Nilisema yule mtu alinilaghai, alinisifu, alijua anachokitafuta. Nilisema mengi kuhusu Pryor. Baba aliniacha nimalize yote, maili kumi na nne.

Tulipofika alikwenda moja kwa moja stoo, akalitoa tandiko la Wade, akalitupia juu ya uzio wa zizi.

"Leta koleo."

Nikaleta. Sikuelewa, au nilielewa na sikutaka.

"Zifupishe. Matundu matatu."

"Baba, hakuna haja. Watasahau. Ni filamu tu."

Hapo ndipo alipokasirika, na Baba akikasirika sauti hushuka.

"Jumatatu tunahamisha ng'ombe wa Socorro. Watakuwepo watu kumi na wawili. Nikipanda hivi, wote watatazama miguu. Watasema, hebu mwone, kama kwenye filamu. Lile lilikuwa langu na Wade, Lane. Lilikuwa kitu pekee ninachomfanyia. Sasa nikilifanya, namwiga yule aliyeniiga mimi." Akalipiga tandiko kwa kiganja. "Zifupishe wewe. Uliyezitoa nje ni wewe."

Niliinama kwenye bizimu. Ngozi ilikuwa imekauka kwa jasho la miaka, la Wade na la Baba, imekuwa nyeusi na ngumu kama pembe. Nilibana kwa koleo. Nilisubiri mkono wake uje uwekwe juu ya bizimu kama siku ile. Nilikwenda polepole makusudi, nikampa nafasi. Haukuja. Bizimu likaachia, nikaupandisha mkanda tundu la kwanza, la pili, la tatu, nikafunga. Nikazunguka upande wa pili nikafanya vilevile. Pale bizimu lilipokuwa limekaa, ngozi ilibaki na alama iliyozama, kama pete iliyovuliwa kidoleni, na matundu yale mapya yalikuwa masafi kama hayajawahi kutumika, na kweli yalikuwa hayajawahi kutumika.

Baba alipima kwa mkono, kama anavyopima kila mtu: ncha za vidole juu ya tandiko, rikabu ifike kwapani. Ilifika sawasawa. Akashukuru, kwa adabu, kama unavyomshukuru fundi.

Jioni ile nilipakua sahani mbili. Alikuja, akachukua yake, akatoka nayo, akaketi kwenye ngazi ya nyuma, mgongo kwangu. Jumapili vilevile.

Jumatatu tulihamisha ng'ombe wa Mama Socorro. Baba alipopanda, watu kumi na wawili walitazama miguu yake, kisha wakatazama pengine haraka, wote kwa pamoja. Hapakuwa na kitu cha kuona. Alikaa sawa kabisa, goti limekunjwa, buti limejaa ndani ya rikabu, mzee yeyote juu ya farasi yeyote. Dudley alianza kusema jambo, akaishia kukohoa. Mtu mmoja, mgeni kidogo, kibarua wa msimu, aliniita mshairi, akaniomba nighani lile la kwenye filamu. Nilimwambia kitu ambacho siwezi kukiandika hapa, akageuza farasi wake akaenda upande wa pili wa kundi.

Pryor amepiga simu mara sita. Nimesikia wanampa tuzo. Nimejaribu kumchukia yeye peke yake, nimejitahidi kwa siku nyingi, na hatoshi. Kila nikimaliza kumchukia hasira inabaki nyingi, na mahali palipobaki pa kuiweka ni kwangu mwenyewe.

Jumatatu ile ile, jioni, niliketi mezani na sahani yangu. Baba alikuwa ngazini na yake. Miaka minne mguu ulizoea kuning'inia, na kutwa moja tu ya kukunja goti kama kawaida ilikuwa imemaliza miguu yake. Nilimwona akishuka farasini, ilibidi ashike shingo ya farasi kwa mikono miwili. Alipomaliza kula alirudi jikoni, akapita bila kunitazama, akanyoosha mkono kwenye dirisha, akachukua kopo la Dudley. Lilikuwa limeshika kutu mdomoni. Nilisikia akihangaika nalo kule nje, likigoma, akaligonga kwenye jiwe mara mbili, na mara ya tatu likafunguka.

Harufu yake ilinifikia mezani.